Kwa wewe unayeanza kazi ya klaringi Mombasa

Karibu kila kijana anayeingia ofisi ya klaringi, yaani ya kuwatolea wateja mizigo bandarini, hapa mjini, awe wa atachimenti au wa kuajiriwa, hufika akiamini kwamba kazi yote siku hizi iko kwenye kompyuta. Nusu ni kweli. Entri ya forodha, yaani tamko la mzigo, unaiandika kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya mapato, vibali vya idara nyingine unaviomba kupitia mfumo wa wakala wa KenTrade, na mzigo wa Uganda au Sudan Kusini hufungwa sili ya kielektroniki inayofuatiliwa njia nzima. Waliofanya kazi hii kabla ya Simba, mfumo wa forodha wa kompyuta, kuanza mwaka 2005 watakuhadithia walivyokuwa wakizunguka na mafaili kwapani, dawati baada ya dawati. Wasikilize hata wakirudia. Wanajua kila karatasi ilikuwa na kazi gani, na wewe unachobofya leo ni karatasi zile zile.

Nusu iliyobaki ndiyo itakayokuweka kazini: kompyuta haijui kitu ila kile ambacho mtu ameiingizia. Kwa hivyo kazi yako ni kujua ni nani aliyeingiza, na alikitoa wapi.

Tazama namba ya kontena. Ina herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena, ya nne karibu kila mara ni U, halafu tarakimu sita za kontena lenyewe. Ile ya saba, ambayo mlangoni huandikwa ndani ya kisanduku chake peke yake, ni ya kukagua: hupatikana kwa kupiga hesabu ya herufi na tarakimu kumi zilizotangulia, ili mtu akikosea moja, hesabu ikatae. Sasa mtu anaisoma kwenye picha ya simu iliyopigwa magharibi, 8 inageuka 3, na kosa linaingia kwenye manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli. Entri yako haitaoana nayo. Unaweza kukaa mbele ya skrini mpaka jioni ukijaribu tena na tena, hakuna kitufe cha kukutoa hapo. Yuko mtu: ajenti wa meli, ambaye lazima aombwe arekebishe manifesti, naye ana barua anazozitaka na malipo yake. Wakati mnaandikiana, siku za bure zinakwenda. Zikiisha, storeji, ya kuweka mzigo, inadaiwa na bandari na dimareji, ya kuchelewesha kontena, inadaiwa na kampuni ya meli. Ni bili mbili mbali mbali, usizichanganye mbele ya mteja.

Ushuru nao jifunze kuupiga kwa mkono, kikokotoo cha simu kinatosha. Mzigo wenye thamani ya shilingi 1,000,000 pamoja na nauli na bima mpaka Mombasa, ukiwa kwenye kiwango cha asilimia 25, ushuru wake ni 250,000. VAT ya asilimia 16 haipigwi juu ya ile milioni. Inapigwa juu ya 1,250,000, nayo ni 200,000. Bado ada ya IDF, ile ya tamko la kuingiza bidhaa, na ya reli. Mwenye hesabu hii kichwani, mfumo ukimletea VAT ya 20,000 au ya milioni mbili, anashtuka hapo hapo na kurudi kutafuta sifuri iliyopotea au kuzidi. Asiye nayo anamtumia mteja vile vile ilivyotoka.

Na programu za akili mnemba? Zitumie kuandika barua, zinaandika vizuri kuliko wengi wetu. Kutafuta namba ya HS, ile ya kuainisha bidhaa kwa ajili ya ushuru, ni jambo jingine. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima. Mbili za mwisho ni za kwetu Afrika Mashariki, na hapo ndipo nimeziona programu hizi zikibuni kwa ufasaha wa ajabu. Tarakimu hizo mbili zinaweza kukutoa asilimia 10 ukajikuta kwenye 25 au 35. Fungua kitabu cha ushuru cha Jumuiya mwenyewe, usome mstari mzima. Nywila usimpe mtu, hata yule anayekununulia chai kila asubuhi.

Kisha iko siku sistimu italala. Ofisi nzima hunyamaza, na hapo ndipo utaona ni nani anayejua watu. Mmoja anampigia ajenti, mwingine anampigia dereva kujua lori limefika wapi, wa tatu anangoja skrini irudi. Kujuana huko hakufundishwi darasani, na ofisini pia hakufundishwi sana, kwa sababu ofisini kila mtu ana haraka.

Ndiyo maana nakwambia, wenzako wakipanga kwenda kisiwa cha Wasini, nenda. Usiseme unaweka akiba. Mnavuka feri Likoni, matatu mpaka njia panda ya Shimoni, kisha mnateremka hadi gatini kwenye boti. Wageni kutoka bara hupanga safari kwa kuangalia sikukuu. Mtu wa pwani huuliza kwanza upepo na maji. Kusi la mwezi wa sita na wa saba linaichafua bahari, mtu anatapika kabla hajafika kisiwani. Kaskazi ikitulia, mwezi wa pili hivi, unaona mpaka chini. Wanawake wa Wasini wamejenga daraja la mbao la kupita katikati ya mawe ya matumbawe. Fika wakati maji yametoka, kisha ukiweza urudi maji ya bamvua yakijaa, utadhani ni mahali pengine.

Lakini huko mimi nawatazama watu zaidi ya matumbawe. Yule aliyekusanya pesa za boti kwa M-Pesa, akatuma hesabu kwenye grupu kabla hatujafika Ukunda, bila kuulizwa, huyo ndiye wa kumwachia faili lako ukienda likizo. Yule aliyesema boti ipo, tukafika gatini tukakuta nahodha hana habari, ni mzuri wa hadithi njiani. Faili usimpe.

Baada ya ofisi na safari, la tatu ni kazi ya kujitolea, na hapa nina neno kidogo. Kampuni nyingi hupenda kwenda kupanda mikoko. Wanafika na fulana mpya na bango, saa inayolifaa basi lao wala si saa ya maji kupwa, wanapanda panapotoa picha nzuri, wanaondoka. Akina mama wa vikundi vya mikoko vya Mikindani watakwambia mikoko ina aina zake: mlilana ndio unaosimama mbele ukitazamana na bahari, mkoko nyuma yake, mkandaa na mchu wana mahali pao. Mbegu ya mkoko ina umbo la penseli nene, ila ndefu zaidi. Unaichomeka kwenye tope ncha chini, na kama si mahali pake haitakaa.

Kinachokosekana si wapandaji. Ni wa kurudi baada ya miezi kadhaa kuhesabu miche iliyoishi. Hapo ndipo ujuzi wako wa Excel una maana: mahali, aina, tarehe, iliyo hai. Gazi, kule Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 unauza hati za hewa ya kaboni inayofyonzwa na mikoko, na pesa zake zimeingia kwenye maji na shule za kijiji, kwa sababu miti ilipimwa na vipimo vikaandikwa. Ila daftari la kikundi usilidharau wala usijaribu kulistaafisha. Nakili kutoka humo, na ukikuta tarakimu usiyoielewa, muulize mama aliyeiandika. Ni swali lile lile utakalomuuliza ajenti wa meli Jumatatu.

Saa ya kwenda hufuata maji, kwa hivyo Jumamosi hii ni saa tatu asubuhi na ijayo ni saa tisa alasiri, usilalamike. Vaa viatu vya kufunga kamba. Ndara zitabaki topeni.