Mshauri wa sheria hufanya nini hasa kwenye mazungumzo ya amani?

SWALI: Profesa, mimi ni mhadhiri wa sheria ya kimataifa. Nimeombwa kujiunga na jopo la usuluhishi kama mshauri wa sheria. Wanaojadiliana ni wanasiasa na makamanda. Mimi nitakuwa nafanya nini hasa, na nijihadhari na nini?

JIBU: Kabla ya yote, pata kwa maandishi unamshauri nani: msuluhishi au upande mmoja. Ukiwa wa msuluhishi na upande fulani ukakuomba faraghani uupitie waraka wake, mwarifu msuluhishi kabla hujajibu. Wengine wakisikia kwa njia nyingine, kila rasimu yako itatiliwa shaka.

Kazi yenyewe ni kulinda maandishi. Iwepo rasimu moja tu, kila ukurasa una namba ya toleo, tarehe na saa. Maneno yasiyokubaliwa yakae ndani ya mabano ya mraba, na mabano yasiondoke mpaka wakuu wa pande zote waridhie wenyewe.

Kosa ninaloliogopa zaidi huja baada ya saini, mkataba unapohamishiwa kwenye katiba. Tazama Burundi. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000, Itifaki ya Pili, ibara ya 7, ulimpa rais miaka mitano inayoweza kurudiwa mara moja tu, kisha ukaongeza kwamba hakuna atakayetumikia zaidi ya mihula miwili. Katiba ya 2005, ibara ya 96, ikasema rais huchaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa miaka mitano, inayoweza kurudiwa mara moja. Nyongeza ile haikuingia. Ibara ya 302 nayo iliagiza rais wa kwanza achaguliwe na wabunge na maseneta. Mwaka 2015 upande wa Pierre Nkurunziza, rais aliyechaguliwa kwa njia hiyo mwaka 2005 na sasa akitaka muhula wa tatu, ukapenya hapo hapo: muhula wa kwanza hauhesabiki, kwa kuwa hakuupata kwa kura ya wananchi. Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kugombea tena hakukiuki katiba, huku nchi ikiwa tayari imeingia kwenye machafuko. Kwa hiyo andaa jedwali: ibara ya mkataba, sheria itakayoibeba, na maneno ambayo lazima yahamishwe kama yalivyo.

Kuhusu msamaha wa kutoshtakiwa, Umoja wa Mataifa hauukubali kwa mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita. Mkataba wa Lomé wa Julai 1999 uliwasamehe wapiganaji wa Sierra Leone. Mwakilishi wa Umoja huo akaandika pingamizi kwa mkono alipotia saini, na mwaka 2004 Mahakama Maalumu ya Sierra Leone ikaamua kwamba msamaha ule hauzuii mashtaka mbele yake. Makamanda waelezwe hilo kabla ya kukubali kuweka silaha chini.

Mwisho ni lugha. Mkataba ukiwa na matoleo mawili, taja ndani yake lipi litatawala. Ukiwa kati ya serikali na waasi, usitegemee ibara ya 33 ya Mkataba wa Vienna wa 1969, inayoeleza jinsi ya kufasiri mikataba yenye lugha zaidi ya moja, maana Mkataba huo ni wa mikataba baina ya dola.