Utabiri wasema nyuzi 3, sakitu imetoka wapi?

SWALI: Mhariri, salamu. Ninaishi bondeni, katika nchi yenye majira manne, na wiki hii ya machipuko baridi imerudi ghafla ilhali miti imekwisha kuchanua. Utabiri wa mkoa wetu husema kila jioni kwamba usiku hautashuka chini ya nyuzijoto 3, lakini alfajiri nakuta nyasi zimefunikwa na sakitu, ile barafu nyembamba nyeupe. Je, wataalamu wanakosea? Na barabara nayo ni ya kuogopwa?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda utabiri haukukosea hata kidogo. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa kivulini, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, na usiku wenye anga safi usio na upepo, ardhi na majani hupoteza joto haraka kuliko hewa iliyo juu yake, hata nyasi zikaganda ilhali kipimajoto hicho bado kinasoma nyuzi 2 au 3. Nawe umesema uko bondeni: hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka kutoka miinukoni na kutuama huko kwenu, wakati jirani aliye mlimani kidogo ameamka salama.

Kwa hiyo tarakimu moja ya mkoa mzima haitoshi; soma pia maelezo ya mawingu na upepo. Mawingu hurudisha ardhini sehemu ya joto linalopotea, na upepo huchanganya hewa ya chini na ya juu. Usiku ninaouhofia mimi ni ule ambao manyunyu ya baridi yamekatika jioni, anga ikafunguka na upepo ukatulia. Usijipe moyo kwa kuwa saa sita usiku hapakuganda, kwani baridi hufikia kilele karibu na macheo.

Ikiwa una mitufaha, fahamu kwamba iliyochanua kabisa huweza kupoteza takriban asilimia 10 ya maua joto likifika nyuzi 2 chini ya sifuri, na asilimia 90 likikaribia nyuzi 4 chini. Tofauti ni ndogo mno. Ndiyo maana Aprili 2021 wakulima wa zabibu na matunda nchini Ufaransa walipata hasara kubwa, baada ya joto la mwishoni mwa Machi kuihimiza mimea kuchipua mapema. Petali haziaminiki, maana huweza kubaki nyeupe huku ua limekwisha kufa. Lipasue, na ukikuta kitovu chake ni cheusi, halitazaa. Wakulima wanaonyunyizia miti maji ili kuikinga na baridi hutegemea joto linalotolewa na maji yanapoganda, lakini ni lazima waendelee mpaka barafu ianze kuyeyuka, kwa sababu wakikatiza kabla ya hapo, maji yanayovukiza huipoza mimea zaidi.

Barabarani, ogopa madaraja kwanza, kwa kuwa hupozwa juu na chini, na barafu yake nyembamba huonekana kama lami iliyolowa tu. Theluji nzito yenye majimaji ikiangukia miti iliyokwisha kuota majani, matawi huvunjika na kuangukia nyaya za umeme, basi usiegeshe gari chini ya miti hiyo. Mchana nao una vituko vyake: jua la Aprili lina nguvu sawa na la Agosti, hivyo huipasha ardhi moto chini ya hewa baridi, na manyunyu ya mvua ya mawe huzuka kwa dakika chache kisha jua likawaka tena. Dereva anayetoka kwenye lami kavu huweza kuingia katika mawe hayo kabla hajapunguza mwendo.