Futiresti za kurekebishika: zishushwe kiasi gani, na pedali zifuateje?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mrefu, karibu mita 1.88, na kila siku naendesha pikipiki ya cc 200, ile ya mwili mrefu ya barabara za vumbi, kutoka Buhongwa hadi mjini. Magoti yanajikunja mno, na ikifika jioni yanauma. Nimenunua futiresti (vikanyagio vya miguu) za kurekebishika, ambazo zinaweza kushushwa au kusogezwa mbele na nyuma kwa milimita 30. Fundi wa mtaani kwetu anashauri azichomelee kabisa kwenye fremu ili zisicheze. Nimkubalie? Na nizifunge mkao gani? – Msomaji, Buhongwa.

JIBU: Ndugu msomaji, usimkubalie. Futiresti nyingi za aina hii zina mwili wa aluminiamu, ambao hauwezi kuchomelewa na chuma cha fremu. Na hata zingekuwa za chuma, ukizichomelea umezinyima uwezo wa kujikunja. Futiresti ya pikipiki kama yako imetengenezwa ijikunje kuelekea juu na nyuma pale inapogonga kitu, na katika jiji hili la miamba, Mwanza, vitu vya kugonga havikosekani. Isipojikunja, pigo lote linaishia kwenye fremu au linakuangusha.

Kabla hujafungua chochote, tazama futiresti ya sasa inavyoshikwa. Ikiwa imeshikwa na pini inayopita kwenye masikio mawili ya chuma yaliyo kwenye fremu, basi ulizonunua zinaweza kufaa, mradi upana wa masikio na unene wa pini vilingane. Ikiwa ni bomba moja linalopita chini ya injini kutoka kulia hadi kushoto, kama zilivyo pikipiki nyingi za bodaboda, zirudishe dukani.

Kuhusu mkao, ninakushauri ushushe wima kwenda chini, usisogeze mbele. Ukishusha wima, uzito wako unapita katikati ya pini; ukisogeza mbele, uzito huohuo unageuka kuwa nguvu ya kuzungusha kiungo, yaani sehemu yenye meno inayoishika futiresti katika mkao uliouchagua. Mtu wa kilo 85 akisimama kwa mguu mmoja juu ya futiresti iliyosogezwa milimita 30, kiungo hupata takriban nyutonimita 25, ambazo ni karibu sawa na nguvu ya kukazia bolti ya kawaida ya milimita 8, na hapo bado hujaruka shimo. Anza na milimita 20, uendeshe siku chache, kwa sababu kila milimita unayoshusha inaikaribisha futiresti kwenye mawe na kwenye lami unapolala kwenye kona.

Ufungaji wenyewe si mgumu. Ingiza pini kichwa kikiwa juu, ili hata kotapini (kipande cha waya kinachoifunga pini) ikikatika pini isidondoke mara moja, na uweke kotapini mpya. Ile ya zamani iliyonyooshwa kwa koleo huvunjika. Hakikisha springi inairudisha futiresti yenyewe baada ya kuikunja kwa mkono. Meno ya kiungo yakae ndani kabisa ya wenzake, yakiwa makavu bila grisi, ndipo ukaze bolti yake kwa gundi ya nati. Upande wa kushoto, kunja na kukunjua stendi uone kama haigusi.

Sehemu inayosahaulika ni pedali. Kuna mteja aliyeniletea pikipiki yake akilalamika kwamba haina nguvu kupanda Bugando. Drumu ya nyuma ilikuwa ya moto kiasi cha kutogusika, ilinuka laini ya breki iliyoungua, na taa ya breki ilikuwa inawaka muda wote. Alikuwa ameshusha futiresti, akaiacha pedali ya breki pale ilipokuwa, hivyo kiatu chake kilikuwa kinaikanyaga bila yeye kujua.

Kwa hiyo, ukishusha futiresti, shusha na pedali. Keti kama unavyoendesha, uweke mguu kwenye futiresti, kisha rekebisha bolti inayozuia pedali hadi ncha yake ikae chini kidogo ya unyayo, bila kuguswa. Kama breki yako ni ya drumu, rekebisha pia nati ya fimbo kule nyuma, ili pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla ya breki kushika, au kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Malizia na swichi ya taa ya breki: zungusha nati yake, usizungushe mwili wa swichi, la sivyo nyaya zitajisokota.

Pedali ya gia hukaa kwenye shafti yenye meno. Chomoa bolti yake kabisa, usiilegeze tu, kwa kuwa bolti hiyo hupita kwenye mfereji wa shafti, kisha irudishe ikiwa imeshuka jino moja. Mara nyingi jino moja linatosha.

Kazi ikiisha, chora mstari wa rangi nyeupe unaovuka kiungo chenye meno, pande zote mbili. Baada ya kilomita 100 hivi, kaza tena bolti na uutazame mstari. Ukikuta vipande vyake viwili vimeachana, kiungo kimezunguka; kifungue, kagua meno, na kama yamelika nunua kingine.