Kabla hujahesabu nyuso kwenye tamthilia ya mapacha

Wadogo zangu mnaoanza uchambuzi, rasimu zenu za Dead Ringers, tamthilia ya 2023, zimesomwa zote. Kosa ni lile lile la kila mwaka, limebadilisha shati tu. Haya, tukae.

1. Anzeni na filamu ya 1988 yenye jina hilo hilo. David Cronenberg anaongoza, Jeremy Irons anacheza Beverly na Elliot Mantle, madaktari wa wanawake, wote wanaume. Nyuma yake kuna riwaya ya 1977, na nyuma ya riwaya kuna mapacha wa kweli, Stewart na Cyril Marcus, waliokutwa wamekufa New York mwaka 1975. Mkiruka hapo, msomaji hatajua Alice Birch, mwandishi wa tamthilia ya 2023, aligeuza nini alipowafanya mapacha wanawake na kumpa Rachel Weisz nafasi zote mbili.

2. Andikeni nywele. Elliot anaziachia, Beverly anazibana. Siku Elliot anapozibana, kuna mtu anachezewa shere. Genevieve (Britne Oldford) alikuja kliniki kutibiwa, akatongozwa na pacha aliyejifanya mwenzake. Tamthilia haiombi radhi kwa mapenzi ya wanawake wala haiyatolei maelezo, na hilo ni jema. Cha kuulizwa ni ridhaa: alikubali kulala na nani? Mtu akiniandikia "wapenzi wa jinsia moja: wapo", ameniletea risiti ya duka.

3. Sasa kosa lenyewe, kuhesabu nyuso. Sote tuliozeekea kazi hii tumelifanya, na anayebisha afukue rasimu zake za zamani. Unachukua orodha ya waigizaji: Britne Oldford, tiki, Poppy Liu, tiki, wanawake kila kona, tiki. Alama zimejaa na hakuna lililochambuliwa. Mtazameni Greta wa Poppy Liu. Kwa hesabu ya nyuso yuko salama. Mtazame kwa kazi yake, na utaona mwanamke mwenye asili ya China anayewapikia na kuwafulia madaktari Wazungu, sura iliyochakaa kuliko mkeka wa mlangoni. Wengi huishia hapo, wakalaumu, wakalala. Rudini sini kwa sini, yaani tukio kwa tukio, mchore jedwali la safu tatu: anasema nini, anataka nini, anafanya nini mapacha wakishatoka chumbani. Safu ya tatu ndiyo itakayowaumbua. Greta anaokota takataka zao na kuzihifadhi. Unamwona mtumishi mwenye kichaa cha chinichini, na hiyo dhana hukupewa na mtu, umekuja nayo kutoka nyumbani. Mwishoni ndipo unajua zilikuwa za maonyesho yake ya sanaa. Muda wote alikuwa akiwatazama wao kuliko wao walivyomtazama yeye. Lakini msimwage sifa zote: sehemu ziko sita, na jibu limecheleweshwa mno. Mhusika akifichwa hivyo ili atushtue, bado anatumikishwa, safari hii na mwandishi. Yaandikeni yote mawili.

4. Alabama, sehemu ya tano. Kama humjui J. Marion Sims, daktari mpasuaji wa Marekani wa karne ya 19, usiiguse. Montgomery, 1845 hadi 1849, aliwapasua wanawake watumwa tena na tena bila ganzi. Majina yaliyobaki ni matatu: Anarcha, Betsey, Lucy. Utetezi kwamba ganzi haikuwepo hauendi mbali, maana eta, dawa ya usingizi ya upasuaji, ilionyeshwa hadharani Boston Oktoba 1846. Sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018. Kisha ongezeni takwimu ya Marekani ya 2021: vifo vya uzazi 69.9 kwa kila 100,000 kwa wanawake Weusi, 26.6 kwa Wazungu. Hapo mama Mweusi katika tamthilia ya madaktari wa uzazi haitwi pambo tena. Anarcha anapotajwa, shikeni saa: kamera inakaa kwake muda gani, na usoni kwa Beverly muda gani? Nani anafunga sini? Mateso ya mtu yakitumika kumliza daktari tu, semeni.

5. Mtajeni Kitty Hawley. Sini ya mapacha hupigwa mara mbili, Weisz akibadili nguo na upande, na huyo ndiye aliyesimama kumjibu kila mara. Bega unaloliona mbele ya kamera huenda ni lake.

Rasimu mpya Ijumaa. Jedwali la Greta liwe juu, nitalisoma kabla ya aya yenu ya kwanza.