Programu ya orodha ya kazi: ijaribu siku ikikuelemea

Ndani ya miaka miwili nilihama programu tano za kuorodhesha kazi. Kila nilipohama nilikuwa na sababu. Ya kwanza haikuwa na lebo, ya pili haikuungana na kalenda, ya tatu ilikuwa na kila kitu isipokuwa utulivu. Jumapili jioni nilikaa na simu nikipanga makundi, nikichagua rangi, nikihamisha kazi kutoka huku kwenda kule. Nilijiona mchapakazi kweli. Kumbe nilikuwa nanoa panga tu, pori limesimama vilevile.

Kisha ikaja wiki ambayo mtoto aliugua, na kwa siku nne sikuifungua programu. Nilipoifungua nilikuta kazi 43 zimerundikana juu kabisa, zote zimepita tarehe, zote nyekundu. "Kumwagilia maua" ilikuwa nyekundu sawasawa na "kuomba pasipoti mpya". Niliitazama ile skrini, nikaifunga, na sikuigusa tena kwa wiki mbili. Pasipoti ikaisha muda wake huku nikiwa na programu niliyoilipia mwaka mzima, na kikumbusho cha pasipoti kimo humohumo ndani.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza achague programu gani, simuulizi anapenda muundo upi. Namwambia afikirie wiki yake mbaya kuliko zote, kisha ajiulize programu itampokeaje akirudi. Siku njema chochote kinafaa, hata nyuma ya bahasha. Tofauti huonekana siku umeelemewa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolitazama sasa ni jinsi inavyoshughulikia viporo. Microsoft To Do ina ukurasa wa siku ambao kila asubuhi huanza mtupu. Kazi za jana hazipotei, zinabaki kwenye orodha zake na unaletewa kama mapendekezo, lakini wewe ndiye unayeamua ipi iingie leo. Todoist huzionyesha zilizopita tarehe, ila inakupa njia ya kuzisogeza zote kwa mkupuo. Things, ambayo hufanya kazi kwenye vifaa vya Apple pekee, hutenganisha siku unayokusudia kuifanya kazi na siku ya mwisho ya kazi hiyo. Huo utenganisho ndio ulionifungua macho, maana ulinionyesha kwamba nusu ya kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Nilikuwa naipa kila kazi tarehe. Kufua mapazia: Alhamisi. Kwa nini Alhamisi? Bila sababu yoyote, nilitaka tu nafasi ya tarehe isikae wazi. Sasa tarehe za kubuni zikijaa, macho huzoea kuzipuuza, na yakishazoea hupuuza pia ile moja ya kweli. Siku hizi tarehe naiandika pale tu ambapo kuchelewa kuna gharama: bili, miadi, fomu, dawa. Mengine yanakaa kwenye orodha bila tarehe na ninayapitia mara moja kwa wiki. Ukifanya hili peke yake, huenda hata usihitaji kubadilisha programu uliyo nayo.

Jambo la pili ni mwendo wa kuingiza kazi. Wazo huja ukiwa umeshika sufuria au unashuka ngazi, na lina sekunde chache za kuishi. Chukua simu ikiwa imefungwa, hesabu unagusa skrini mara ngapi mpaka kazi iwe imehifadhiwa. Kwangu zikizidi nne, najijua: nitasema "nitaandika baadaye". Programu nyingi zina kidirisha cha kuweka kwenye skrini ya mwanzo, na hicho kinastahili kujaribiwa kabla ya kitu kingine chochote. Halafu zima mtandao, uandike kazi, uone kama inakubali. Programu inayongoja mtandao ndipo ikuruhusu kuandika neno moja haifai kubebwa mfukoni.

Hapa kuna mtego unaotuhusu sisi wa Kiswahili hasa. Simu haijui saa zetu. Niliwahi kujiwekea kikumbusho cha saa 3 kwa haraka, kichwani nikimaanisha saa tatu asubuhi. Simu ikalia saa tisa usiku, nyumba nzima ikaamka, na sikuwa na la kujitetea. Siku hizi natumia mfumo wa saa 24 kwenye programu ya kazi, yaani 09:00, na nasoma mara mbili. Usitarajie pia kuandika "kesho jioni" na programu ikaelewa. Zile zinazosoma tarehe ndani ya sentensi zimefundishwa lugha chache, kwa hiyo jaribu yako kwanza kabla hujaiamini.

Kuhusu unachoandika chenyewe, niseme kidogo, kwa sababu hakuna programu itakayokusaidia hapo. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti wake uliodai kwamba kazi zilizokatizwa njiani hukumbukwa kuliko zilizokamilika. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister wakaonyesha jambo lenye faida zaidi kwetu: lengo ambalo halijatimizwa husumbua akili, lakini usumbufu huo hupungua mtu akishaweka mpango mahususi, hata kabla ya kulitimiza. Ndiyo maana "bomba" kwenye orodha yangu lilinikera wiki tatu, na "kumpigia fundi bomba kesho asubuhi kabla ya kutoka" likaniacha nikalala. Andika kitendo, si jina la tatizo.

Kazi za kujirudia nazo zina siri ambayo wengi hawaioni mpaka imewauma. Kuna kazi zinazofuata kalenda, kama kodi ya nyumba: ukichelewa kulipa, mwezi ujao tarehe ni ileile. Na kuna zinazofuata mara ya mwisho ulipozifanya, kama kubadilisha kichujio cha maji kila baada ya miezi mitatu: ukichelewa wiki mbili, hesabu ianze siku uliyobadilisha. Todoist, TickTick na Things zinaweza zote mbili. Programu kadhaa za bure zinajua ile ya kwanza tu. Kama nyumba yako ina mambo mengi ya aina ya pili, angalia hilo mapema.

Rangi, alama za pongezi na michoro ya kuonyesha umekamilisha kazi ngapi, mimi naviacha vipite. Mbao za kadi kama Trello ni nzuri pale watu kadhaa wanapoandaa jambo moja, lakini kwa kununua sabuni ni mzigo.

Kutoka je? Swali hili hatuliulizi tukiwa tumependa. Wunderlist, programu ya orodha ya kazi, ilikuwa na watumiaji wengi mno, Microsoft wakainunua mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa. Watumiaji walipewa njia ya kuhamishia kazi zao To Do, kwa hiyo hapo mambo yalienda kistaarabu. Si kila programu hufunga hivyo. Moja niliyoitumia mimi ilitoweka na orodha zangu zote, nami sikuwa na nakala hata moja. Leo natafuta kitufe cha kutoa nakala kabla sijaingiza kazi ya kumi. Kazi za Google Tasks unaweza kuzichukua kupitia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua nakala ya data zako. Na kuna wanaokwepa suala zima kwa kutumia todo.txt, mfumo ulioanzishwa na Gina Trapani mwaka 2006: faili la maandishi matupu, kila mstari kazi moja, linafunguka kwenye kompyuta yoyote. Halina uzuri wa kutazama, lakini halina pia mtu wa kulifunga.

Pesa nayo. Anza na iliyokuja na simu yako. Reminders ya Apple ipo tangu 2011 na imekua sana, na Google Tasks inakaa pamoja na barua pepe na kalenda. Zitumie mwezi mmoja. Ukijikuta umekwama mahali fulani, na unaweza kusema umekwama wapi kwa sentensi moja, hapo nenda katafute ya kulipia inayotibu hilo. Na usilipe mwaka mzima mwanzoni hata punguzo likikubembeleza. Lipa mwezi, ungoje wiki mbaya ije.

Orodha yangu ya leo ina kazi tisa, mbili tu zina tarehe. Moja, "kupanga picha za zamani", nilikuwa nimeisogeza mara kumi na moja. Nimeifuta asubuhi hii, na hakuna aliyeuliza.