Jibu la Django likiwa ni faili
Umeandika programu ya kati (middleware, msimbo unaopitiwa na kila jibu) katika Django, mfumo wa Python wa kujenga tovuti, ili ibadilishe HTML ya majibu, nayo inakwama tovuti inapotuma faili la PDF kwa FileResponse, aina ya jibu la kutuma faili. Hitilafu unayoipata, kwamba FileResponse haina sifa ya content, haitokani na faili lenyewe bali na programu yako ya kati, ambayo inachukulia kwamba kila jibu lina mwili uliokamilika unaoweza kusomwa na kuandikwa upya. HttpResponse ya kawaida iko hivyo. Lakini FileResponse ni aina ya StreamingHttpResponse, inayotoa data kipande kwa kipande ili faili kubwa lisijaze kumbukumbu ya seva.

Kagua kwanza response.streaming, sifa inayoonyesha kama jibu linatiririshwa. Ikiwa ni kweli (True), ama uliache jibu lipite bila kuguswa, na kwa faili la PDF naamini hilo ndilo sahihi, ama uizungushie response.streaming_content (vipande vya data vya jibu) jenereta yako, yaani kitendaji cha Python kinachotoa kipande kimoja kimoja, bila kukusanya vipande vyote pamoja, kwa maana ukivikusanya utakuwa umeiondoa faida yenyewe ya kutiririsha. Vichwa vya jibu (taarifa zinazotangulia mwili wake) havina kizuizi hicho: response["Cache-Control"] = "no-store" hufanya kazi kwa aina zote mbili.

Ukibadilisha urefu wa mwili, ni lazima usahihishe au ufute Content-Length iliyokwisha kuwekwa, kichwa kinachotaja urefu wa mwili, la sivyo kivinjari kitakata maandishi au kitasubiri baiti zisizokuja.

Tazama pia mpangilio wa MIDDLEWARE, orodha ya programu za kati katika mipangilio ya Django. Majibu huipitia orodha hiyo kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo GZipMiddleware, inayobana majibu, ikae juu ya programu yako. Ikikaa chini yake, utapokea baiti zilizokwisha kubanwa badala ya HTML.