Shangazi, nikiingia chama cha manesi si nitakuwa nimewatupa wagonjwa?

SWALI: Habari yako Shangazi. Mimi ni nesi, niko na miaka 27, nafanya kazi hospitali moja ya kibinafsi huku Eastlands. Nimekaa hapo miaka miwili na nusu lakini kila miezi mitatu nasainishwa mkataba mpya kama mtu ameingia jana. Usiku tunabaki wawili kwa wodi ya watu 38, na mwenzangu akiitwa leba nabaki peke yangu. Sasa wenzangu wanasema tuingie chama na mimi nataka sana, lakini matroni ametuita mmoja mmoja akasema mwenye ataonekana na hizo fomu asitarajie mkataba mwingine. Alafu kuna kitu kingine kinaninyima usingizi. 2017 manesi wakigoma mama mdogo alikuwa na mimba, tulizunguka naye usiku hospitali tatu, mtoto hakupona. Mpaka leo mamangu akisikia neno mgomo anaondoka sebuleni. Shangazi, nikijiunga si nitakuwa upande wa wale waliotuacha nje ya geti? – Nesi, Kayole

JIBU: Mwanangu, pole sana, na umpelekee mama yako mdogo pole zangu. Mamako usibishane naye. Mgomo ule ulianza tarehe 5 Juni 2017 ukaisha mwanzoni mwa Novemba, karibu miezi mitano, na mtu aliyezika mtoto siku hizo huwezi kumwekea mezani habari za mshahara wa nesi akakusikiliza. Ana haki ya hasira yake. Lakini nataka na wewe ujue kilichokuwa nyuma ya lile geti: manesi walikuwa wanadai makubaliano yao ya pamoja, ile CBA, Tume ya Mishahara ikapinga gharama yake, na kwa sababu afya ilishapelekwa kwa kaunti tangu 2013 kila mkubwa alikuwa na mwenzake wa kumnyooshea kidole. Mgonjwa ndiye hakuwa na mtu kwa hiyo meza.

Mimi nimefanya wodi miaka 31 hapa Nairobi kabla sijastaafu, na nitakuambia kitu sijawahi kukiandika hapa. Kuna usiku mmoja nilikuwa peke yangu na wagonjwa zaidi ya 40, wengine wamelala mzungu wa nne kitanda kimoja, nikawa nakimbia huku na huku, na kuna mzee kitanda cha mwisho alikuwa ananiita sista, sista, nikamwambia nakuja baba. Nilipofika alikuwa amekwenda. Asubuhi nikaandika ripoti nikaenda nyumbani, hakuna aliyeniuliza wodi ilikuwa na watu wangapi, na mimi pia sikusema kwa sababu niliogopa kazi. Hatukuwa na mgomo usiku ule. Tulikuwa kazini kabisa, na bado mzee alikufa akiita. Ndio maana nakuambia kunyamaza nako kunaua, tena hakuandikwi kwa gazeti.

Kwa hivyo jiunge. Lakini jiungeni kwa akili.

Matroni hana haki ya kuwatisha. Katiba kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi ruhusa ya kuingia chama, na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kuwa mwanachama si sababu ya kumfuta mtu. Ujanja wao utakuwa huo wa miezi mitatu, hawatakufuta, watasema tu mkataba umeisha. Dawa yake ni wingi: msiende wawili wawili, kusanyeni sahihi kimyakimya hadi mpite nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kuingia chama, kwa sababu chama kikishafika hapo sheria inamlazimu mwajiri akitambue, na hawezi kukosa kuwapa mikataba nusu ya hospitali kwa mwezi mmoja. Mikutano fanyeni baada ya zamu, nje ya geti, maana sheria inalinda shughuli za chama nje ya saa za kazi, ndani ya saa za kazi mpaka mwajiri akubali. Mkishasaini Fomu S, ile ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwa mshahara, na mwajiri akapewa notisi, ana siku 30 za kuanza kukata ada. Kwa hospitali ya kibinafsi ulizeni KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa nyumbani, mahoteli, shule na hospitali, ndio wamezoea hizo, na KNUN, chama cha kitaifa cha manesi, pia muwasikilize.

Na msidhani kwa serikali ndio kuna raha. Wale wahudumu wa UHC, mpango wa serikali wa afya kwa wote, walioajiriwa 2020 kwa mkataba wa miaka mitatu, 2025 walikuwa wanalala nje ya Afya House, makao ya Wizara ya Afya hapa mjini, wakidai kazi ya kudumu. Ugonjwa ni uleule wako.

Sasa hapa ndipo nataka usome polepole. Hospitali iko kwenye orodha ya huduma za lazima, mgomo wake unapelekwa kortini haraka, kwa hivyo msianze na mgomo. Anzeni na mgonjwa. Dai la kwanza kabisa kwa karatasi yenu lisiwe mshahara, liwe idadi ya wagonjwa kwa kila nesi. Kule California, Marekani, chama cha manesi kilisukuma jambo hilo hadi sheria ikapita 1999, ikaanza kutumika 2004, na leo ICU nesi mmoja hapewi zaidi ya wagonjwa wawili, wodi ya kawaida watano. Wewe una 19, na mwenzako akienda leba una 38! Kila zamu andika kwa daftari: tarehe, wagonjwa wangapi, manesi wangapi, dawa gani ilichelewa, glavu ziliisha saa ngapi. Majina ya wagonjwa usiandike hata moja. Miezi mitatu ya daftari kama hilo, manesi kumi wakiliandika, hakuna meneja atasema mnataka pesa tu. Na siku moja mambo yakifika mgomo, kubalianeni mapema na kwa maandishi nani atabaki leba, nani kasualti, nani kwa watoto wachanga, ili mwenye mimba akija saa nane usiku apate mtu.

Mikataba yako yote tangu ya kwanza, piga nakala. Usiziache kwa kabati la kazini. Mpe mamako akuwekee pamoja na hilo daftari, na akikuuliza ni nini, mfungulie ukurasa wa usiku uliokuwa na 38, umsomee.